Handaki la Tatu

Neema alinipigia simu Jumanne asubuhi nikiwa dukani kwangu Tunduma, namtolea nakala za hati za mzigo dereva mmoja wa Zambia. "Shikamoo mama. Mimi Neema, wa Mzee Kibona wa kule mgodini. Baba ametutoka." Nilimpa pole, nikamuuliza mazishi ni lini, kisha nikamaliza kutoa zile nakala kwa sababu foleni ya malori ilikuwa imeanza kusogea kuelekea mpakani. Dereva alikuwa ameuona uso wangu. "Bamayo," aliniita, yaani mama kwa lugha ya kwao, "kuna nini?" Nikamwambia mwalimu wangu amefariki. Neno hilo lilinitoka kabla sijalipima. Kwa zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kumwita mwalimu mbele ya mtu, wala yeye hakuwahi kuniita mwanafunzi wake. Nilikaa mgodini mwaka mmoja pungufu ya wiki mbili. Kila ninachokijua kuhusu kupima, kuchora na kutoamini karatasi mpaka nimeilinganisha na nyingine, nilikipata katika mwaka huo, na mwaka huohuo ndio nilioutumia kumwondoa kwenye kiti chake.

Nilikuwa na miaka ishirini, nimetoka Mbozi, nimemaliza kidato cha nne na sikuwa na mahali pa kwenda. Mgodi ulikuwa juu ya milima ya Ileje, mwendo wa nusu siku kutoka Itumba kwa barabara ya wakati ule, na walikuwa wanatafuta mtu mwenye mwandiko mzuri wa kunakili ramani. Chumba cha ramani kilikuwa cha mbao na bati, kimesimama kwenye ukingo wa mlima, na asubuhi nyingi ukungu uliingia ndani kupitia nyufa ukatandaa juu ya meza. Jiko la makaa ya mawe liliwaka kutwa. Siku ya kwanza nilimshukuru Mzee Kibona kwa moto ule, akanitazama bila kucheka. "Si wako, binti Nzunda. Ni wa karatasi. Wewe ukilowa utakauka." Alikuwa mtu mfupi, wa miaka hamsini hivi, mashati yake yamepigwa pasi hata siku za tope. Kabla ya kugusa karatasi alinawa, akajifuta, akapaka viganja vyake unga wa chaki ili jasho lisipite. Chakula hakikuingia chumba kile. Mchana tulikaa barazani kula mbalaga, zile ndizi zilizopikwa na maharage, ambazo mkewe alizituma katika beseni lililofunikwa kwa jani la mgomba, na Neema, aliyekuwa na miaka minane, ndiye aliyelileta.

Kunisomesha mistari ya miinuko alitumia bakuli na jiwe. Aliliweka jiwe ndani ya bakuli, akajaza maji mpaka likafunikwa lote, kisha akawa anachota kikombe kimoja kimoja. Kila alipochota alisubiri maji yatulie, akachora kwa penseli mahali yalipoishia kwenye jiwe. Alipomaliza alilitoa jiwe likiwa na pete sita. "Sasa litazame kutoka juu," aliniambia. Nililitazama, nikaona ramani. Bado nafundisha hivyo watoto wa jirani wanaokuja dukani na maswali ya jiografia, na bado kuna mmoja au wawili ambao hunyamaza ghafla wanapoona.

Ramani zilikuwa mbili. Ya kwanza tuliiita Mzee. Ilichorwa zamani na wapimaji wa serikali ya kikoloni, ikabandikwa kwenye kitambaa, rangi yake imekuwa ya chai, na ilikaa ndani ya bomba la bati chini ya meza. Humo mlikuwa na mlima wote kabla ya mgodi kufunguliwa: nyumba kama nukta nyeusi, mashamba ya migomba, kanisa, njia za miguu zinazoshuka kwenye mto, na makaa yenyewe kwa mstari wa kijivu mahali yalipojitokeza kwenye makorongo. Ya pili ilikuwa nakala ambayo Mzee Kibona aliichora alipoajiriwa, nayo ndiyo iliyotumika kila siku. Kila njia mpya iliyochimbwa chini iliongezwa juu yake. Kwenye pembe ya chini kulia palikuwa na nafasi tatu: imenakiliwa na, tarehe, imekaguliwa na. Mbili za kwanza zilikuwa zimejazwa. Ya tatu ilikuwa na kistari. Nilimuuliza kwa nini. "Ataikagua nani?" alisema. "Hapa anayejua ni mimi. Siku ukijua wewe, utaweka jina lako." Nililichukua kama mzaha, ingawa hakuwa mtu wa mizaha.

Mtu wa mizaha alikuwa Swila, msimamizi wa zamu ya chini. Alipanda kila mchana akiwa mweusi mpaka kwenye kope, akakaa mbali na mlango kwa sababu alikatazwa kusogea, akadai ndizi. "Mzee, leo tumekwenda mita nne. Tukiendelea hivi Krismasi nitatokea Malawi, nitakuletea chumvi." Mzee Kibona alimjibu bila kuinua macho: "Pita mpakani kama watu wengine." Walikuwa wamefanya kazi pamoja miaka mingi, na nadhani maneno hayo, au yanayofanana nayo, waliambiana kila siku. Njia aliyokuwa akiichimba Swila tuliiita ya kusini. Kila jioni alileta vipimo, nami niliongeza kipande chake kwa penseli, urefu wa ukucha kwa siku kadhaa.

Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi, na nakala ya Mzee Kibona ilianza kuota ukungu kwenye mikunjo. Nikapewa kazi ya kuchora mpya. Maagizo yalikuwa kunakili kutoka kwenye nakala, nikaanza hivyo, na baada ya wiki tatu nilikuwa nimefika kwenye ufunguo wa ramani, ambako mashimo ya majaribio ya zamani yameorodheshwa. Haya ni mahandaki mafupi ambayo wakoloni waliyachimbisha kutafuta makaa. Kwenye nakala yalikuwa matatu, nayo yalipewa namba: moja, mbili, nne. Niliyaandika. Kisha nikaweka kalamu chini. Watu wengi wameitazama ramani ile kwa miaka mingi, wakubwa na wadogo, na sijui kwa nini hakuna aliyeuliza. Labda mtu akitafuta namba nne huiona namba nne, akaridhika.

Siku hiyo Mzee Kibona alikuwa ameshuka Itumba kumfuatilia mama yake dawa. Nikanawa, nikapaka chaki, nikafungua bomba. Handaki la tatu lilikuwepo kwenye Mzee, upande wa kusini wa mlima, mistari miwili ya nukta nukta inayoingia ndani ya ubavu mita mia moja na themanini kwa kipimio cha ramani. Kwenye nakala, mahali palepale, mistari ya miinuko ilipita laini bila kukatika, imechorwa kwa uangalifu kuliko mahali pengine popote. Lazima niseme ukweli kwamba nilifurahi. Nilidhani nimemkamata mtu mkamilifu kwenye kosa dogo. Nikalichora kwa penseli kwenye ramani yangu mpya, nikamsubiri kama mtu aliyeandaa zawadi.

Aliporudi aliliona kabla sijasema kitu. Aliinama juu ya meza, kofia ikiwa bado kichwani na maji yakidondoka sakafuni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Futa hiyo."

"Ipo kwenye Mzee, baba. Namba tatu."

"Pale hakuna kitu, binti. Futa."

Nikafuta. Karatasi ile ilikuwa nzuri, penseli haikuacha alama, ila ukiinamisha kichwa kwenye mwanga uliona mahali palipong'aa.

Jumapili iliyofuata nilialikwa kwao baada ya ibada, kama ilivyokuwa kawaida mara moja kwa mwezi. Nyumba yao ilizungukwa na migomba mpaka usiuone mlima. Mama yake Mzee Kibona aliishi chumba cha pembeni. Alikuwa mzee sana, macho yake yameingia utando, na aliyekuja kumsalimu alishikwa uso kwanza. Makaburi ya familia yalikuwa hatua chache kutoka jikoni, yamezungushiwa mawe. Wakati tunachambua mboga, mke wa Mzee Kibona na jirani yake walikuwa wakizungumza habari ya kijana mmoja wa kijiji cha pili aliyesombwa na mto, mwili wake haujaonekana wiki ya tatu.

"Watafanya kama walivyofanya kwa baba mkwe," alisema mke wa Mzee Kibona. "Watazika mgomba."

"Ni lazima. Atalala wapi?"

Nikauliza, kwa kuwa sisi kwetu Mbozi sikuwahi kusikia. Wakanieleza kwa sauti ya chini, wakitupia jicho chumba cha pembeni. Mtu asipopatikana, hukatwa shina la mgomba la urefu wake, likavishwa nguo zake, likaliliwa na kuzikwa nyumbani. Tangu siku hiyo yupo nyumbani. Hakuna anayeruhusiwa kusema yuko kwingine, wala kupaonyesha mahali alipofia, kwa sababu kusema hivyo ni kumfukua. Baba yake Mzee Kibona alikuwa mmoja wa vijana walioajiriwa kuchimba mashimo ya majaribio. Dari la mlangoni lilianguka yeye akiwa ndani, na wenye kazi hawakuona haja ya kulichimbua. Sikuuliza ni handaki la ngapi.

Jumatatu Swila alipanda kama kawaida, akapokea ndizi, akasema njia ya kusini imekuwa laini sana, makaa yanatoka yenyewe. "Ukuta wa mbele unatoka jasho kama mimi," alisema, akacheka. Nilimtazama Mzee Kibona akiwa ameshika ndizi bila kuila. Alipoingia ndani nikamfuata, nikaweka rula kwenye ramani yangu mpya mbele yake, kutoka ncha ya njia ya kusini mpaka mahali palipong'aa. Kwa kipimio zilibaki mita ishirini na sita. Handaki lililozibika mlangoni, lililokaa mlimani miaka yote hiyo ya mvua, hujaa maji. Hilo alikuwa amenifundisha yeye mwenyewe.

"Unajua," nilimwambia.

"Najua."

"Waambie basi."

Alikaa kwenye kiti chake. Aliongea taratibu, kama anayenisomea vipimo. "Mimi nikilichora, watachimba kulifuata. Watatoa walichokikuta, wataniletea kwenye gunia. Na mama yangu bado yuko hai, anakwenda kwenye lile kaburi kila Jumapili kulifagia. Nitamwambia amekuwa akifagia nini?" Kisha akasema, "Daktari amesema mama amebakiwa na siku chache. Ngoja."

"Siku ngapi, baba?"

Alichukua rula, akairudisha mahali pake. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikwenda moja kwa moja kwa meneja saa ileile. Jibu langu si zuri: nilimwogopa Mzee Kibona kuliko nilivyoyaogopa maji. Watu kumi na mmoja walikuwa chini mchana ule, na zamu nyingine iliingia jioni, nami nikala chakula changu nikijua. Nilichofanya ni kuamka mapema Jumanne na kwenda kwa yule bibi.

Nilimkuta barazani, anapukuchua maharage kwa vidole. Alinishika uso. "Huyu ni wa ramani," alisema.

"Bibi, nimekuja na jambo baya."

"Mabaya nimeyasikia mengi. Kaa kwanza."

Nikamwambia yote kwa mpangilio, handaki, njia ya kusini, ukuta unaotoka jasho. Nilipofika kwa mumewe nilikwama, naye akaendelea kupukuchua.

"Mwanangu Wiston anadhani sijui?" alisema. "Mgomba ule niliuchagua mimi. Wanaume walileta mnene, nikawaambia rudisheni, mume wangu alikuwa mwembamba. Nikaenda mwenyewe shambani, nikaukata juu, mbali na mizizi yake, ili usije ukachipua. Nikauvisha shati la bluu. Vifungo nilivifunga mimi." Alinyoosha mikono yake miwili mbele, akafunga vifungo vitatu hewani. "Mtu aliyeuvisha mgomba shati atasahau mumewe yuko wapi? Nilinyamaza kwa ajili ya mtoto. Alikuwa mdogo, alihitaji baba awe mahali. Sasa ana mvi bado ananificha." Akatupa maganda pembeni. "Nenda kamwambie achore. Yakitoka maji ni maji. Baba yake mimi nilishamlaza."

Nilishuka mlima nikikimbia. Mzee Kibona alikuwa mezani. Nilimpa maneno ya mama yake kama yalivyo, nikataja na shati la bluu, kwa sababu sikutaka adhani nimeyatunga. Alinyanyuka, akanawa, akajifuta, akapaka chaki. Akafungua bomba, akamtandaza Mzee, akachora handaki la tatu kwa wino kwenye nakala yake. Nilimtazama mkono makusudi. Mistari ilitoka imenyooka. Kisha akaikunja ramani ikiwa haijakauka vizuri, akatoka nayo kwenye mvua mpaka mdomo wa mgodi, nami nikasikia king'ora cha kuwaita watu watoke.

Siku iliyofuata walitoboa tundu jembamba kwa keekee ndefu, na maji yakatoka. Yalitoka siku tisa mfululizo, meusi, yananuka kama chuma. Swila alikuja kukaa mahali pake barazani na kwa mara ya kwanza hakudai chakula. Baadaye alijaribu mzaha. "Mzee, ungeniacha nioge na nguo?"

"Ningekuacha ufe," alisema Mzee Kibona. "Usiligeuze kuwa dogo."

Meneja aliita kikao na kuuliza nani aliliacha handaki. Mzee Kibona alisimama kabla swali halijaisha. Hakueleza sababu, nami, niliyeijua, nilinyamaza, kwa kuwa nilidhani kuieleza ni kazi yake. Aliachishwa kazi, akaondoka Ijumaa akiwa na kofia na beseni la mkewe. Jumatatu mimi nikakalia kiti chake. Mama yake aliishi miezi mitano zaidi.

Nilimtembelea Mzee Kibona mara mbili. Alinipokea vizuri mno. Nililetewa kiti chenye mto, nikanawishwa mikono, nikachinjiwa kuku, naye akaniita mgeni. "Karibu mgeni. Ongeza mboga, mgeni." Nilipotaja kipimo fulani kilichonishinda kazini aliniuliza habari za mvua huko Mbozi. Sijawahi kutukanwa kukaniuma kama kuku yule. Mwaka ulipokaribia kwisha niliacha kazi nikashuka, nikaja Tunduma ambako hakuna anayehitaji kujua mlima ukoje kwa ndani.

Mazishi yalikuwa Alhamisi. Barabara sasa ni nzuri, nilifika saa tano. Mgodi wenyewe umenyamaza, chumba cha ramani kimebaki nguzo nne, lakini migomba ni ileile. Walimzika karibu na baba yake, mawe kwa mawe. Swila alikuwepo, ana fimbo, haoni vizuri, akanishika mkono muda mrefu bila mzaha wowote. Baada ya chakula Neema aliniita pembeni akanikabidhi bomba la bati. Alisema uongozi wa zamani ulipoondolewa baba yake aliliomba, akapewa, na lilikaa chini ya kitanda chake. "Alisema nikupe mkononi. Nikamuuliza nikwambie nini, akasema utaona mwenyewe pa kujaza."

Nilifungua Ijumaa asubuhi dukani, baada ya kufunga mlango wa mbele na kunawa mikono. Sikuwa na unga wa chaki, nikasaga kipande cha chaki ya ubao. Ndani alikuwemo Mzee, na ndani ya Mzee ilikunjwa karatasi ambayo sikuwahi kuiona, nakala mpya kabisa ya mlima wote, kwa mwandiko wake. Mistari ya mwanzo ilikuwa thabiti na ya mwisho ilitikisika, kwa hiyo nadhani aliichora miaka mingi. Mahandaki yalikuwa manne. Pembeni chini kulia: imenakiliwa na, jina lake. Tarehe. Imekaguliwa na, na hapo hapakuwa na kistari. Palikuwa wazi.

Ningeweza kuandika jina langu dakika ileile, na nilitamani. Lakini asingeikubali sahihi ya namna hiyo. Nikaweka ramani mbili sambamba nikaanza kutoka kaskazini, mraba kwa mraba, nyumba kwa nyumba, kila mstari wa mwinuko kwa rula na kioo cha kukuzia. Watu waligonga mlango, wakaenda zao. Nilimaliza saa kumi. Vyote vililingana, isipokuwa kitu kimoja. Mahali pa nyumba yao, katikati ya migomba, aliweka alama ndogo ya kaburi ambayo kwenye Mzee haipo, na alama hiyohiyo, saizi ileile, aliiweka ndani ya handaki la tatu. Mtu mmoja, makaburi mawili, yote kwa wino.

Kwa kanuni alizonifundisha, kisichokuwepo kwenye ramani mama ni kosa, na mkaguzi hulizungushia duara. Nilishika penseli muda mrefu. Kisha nikaiweka chini, nikachukua kalamu ya wino, nikaandika jina langu.